Dodoso, mahojiano au data zilizopo: njia ipi ya kutafiti maisha ya baiseksho?

Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kuhusu watu wanaovutiwa kimapenzi na jinsia zote mbili, yaani baiseksho, kwa kawaida huwa ameshapata mada: mahusiano yao, afya yao, au unyanyapaa unaowakuta. Kinachomkwamisha ni njia. Asambaze dodoso mtandaoni? Akae na watu wachache awahoji? Au achukue data ambazo wengine wameshazikusanya, azichambue upya? Wengi hukimbilia dodoso, kwa sababu linatengenezwa jioni moja na halimlazimu mtu kumtazama mwenzake usoni. Mimi huliweka la mwisho, ingawa yapo maswali ambayo bila dodoso hayajibiki, na nitayataja.

Mengi ya hapa yanamfaa anayesomea Uingereza, Marekani au Kanada, ambako tafiti za namna hii zimezoeleka vyuoni. Aliye Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ana hesabu nyingine za kupiga. Sehemu yake iko karibu na mwisho, na aisome hiyo kwanza.

Unamtafuta nani hasa?

Kwa idadi, baiseksho si haba. Gallup, taasisi ya kura za maoni, ilipowauliza watu wazima wa Marekani mwaka 2024, asilimia 9.3 walijitaja kuwa LGBTQ+ (wapenzi wa jinsia moja, baiseksho, waliobadili jinsia na wengineo), na zaidi ya nusu yao walikuwa baiseksho: asilimia 5.2 ya watu wazima wote. Sensa ya England na Wales ya 2021, ya kwanza kuuliza swali hilo huko, ilipata baiseksho wapatao 624,000 wenye umri wa miaka 16 na zaidi. Swali lilikuwa la hiari na asilimia 92.5 walilijibu.

Shida ni kwamba hawaonekani. Kituo cha utafiti cha Pew kilipochunguza jambo hili Marekani mwaka 2013, ni asilimia 28 tu ya baiseksho waliosema kwamba watu wote au wengi walio muhimu maishani mwao wanajua. Kwa wanaume wapenzi wa jinsia moja ilikuwa asilimia 77, kwa wanawake 71. Tena, kati ya baiseksho waliokuwa na uhusiano wa kudumu, asilimia 84 walikuwa na mwenzi wa jinsia tofauti na yao. Kwa hiyo unayemtafuta huenda ni mke wa mtu au mume wa mtu, jirani haoni lolote la kuuliza, na hayumo katika chama chochote cha wanafunzi. Tangazo likipita kwenye vikundi vya LGBTQ+ vya chuo litamfikia aliyekwisha kujitangaza, kijana, msomi, wa mjini. Utakayoyaandika yatakuwa maisha ya hao, na huyo mama wa nyumba ya jirani atabaki nje ya hesabu.

Kuna na swali la kipimo. Unaweza kumhesabu mtu kwa anavyojiita, kwa anaovutiwa nao, au kwa watu aliolala nao, na makundi hayo matatu hayalingani. Kinsey mwaka 1948 alipanga watu kwenye mizani ya 0 (jinsia tofauti pekee) hadi 6 (jinsia moja pekee). Fritz Klein, mwaka 1978, aliona mizani moja haitoshi, akatoa jedwali la mambo saba, kila moja likiulizwa kwa wakati uliopita, uliopo na ule ambao mtu angependa. Hayo ni masanduku 21 ya kujaza. Ni jedwali zuri kwa mazungumzo ya saa nzima, lakini kwenye simu, ndani ya daladala au basi, watu huliacha katikati. Amua kwanza unapima lipi kati ya matatu hayo, ndipo uje kwenye njia.

Dodoso la mtandaoni

Uzuri wake unajulikana: ni rahisi, linafika mbali, na mtu hujibu bila kuonekana. Zipo pia mizani, yaani seti za maswali ya kupimia, zilizokwisha kujaribiwa, huna haja ya kubuni yako. Kwa unyanyapaa, ya Brewster na Moradi ya mwaka 2010 ndiyo ningeanza nayo. Ina vipengele 17, na kila kimoja hujibiwa mara mbili: umetendewa hivi na wanaovutiwa na jinsia tofauti mara ngapi, na umetendewa hivi na wapenzi wa jinsia moja mara ngapi. Baiseksho hupigwa kutoka pande mbili. Upande mmoja huambiwa ni malaya, upande wa pili huambiwa bado hajaamua. Dodoso lenye safu moja tu linapoteza nusu ya habari.

Balaa ni kuwapata washiriki. Ukiahidi zawadi, hata kadi ndogo ya ununuzi, programu za kujaza madodoso zitakuja kabla ya watu.

"Mwalimu, nimepata watu mia tatu usiku mmoja!"

"Hongera. Hebu nionyeshe safu ya muda."

Unafungua faili pamoja naye. Safu ndefu ya majibu yaliyoingia kati ya saa nane na saa tisa usiku, kila moja limejazwa kwa dakika mbili, dodoso lenyewe likihitaji kumi na tano. Kwenye swali la wazi, "Eleza jinsi mwenzi wako alivyopokea habari hiyo," sentensi ile ile imerudiwa mara kumi na zaidi, koma zikiwa pale pale. Mwingine ana miaka 22 na ndoa ya miaka 19. Ukishapepeta yote hayo, mia tatu zinabaki chache, na hizo chache zinatoka kwa marafiki wa marafiki zako. Njia ya kupunguza adha hiyo ni kulipia tovuti kama Prolific, ambayo huwa na watu waliokwisha kujieleza na hukuruhusu kuwachagua kwa mvuto wao wa kimapenzi. Hapo ujue unalipa kwa kila kichwa, na wasimamizi wengi hawana fungu la mwanafunzi wa shahada ya kwanza.

Kama unatumia Google Forms, zima mpangilio wa kukusanya barua pepe. Kwa Qualtrics, programu nyingine ya madodoso, washa ule wa kuficha utambulisho ili anwani ya kompyuta ya mshiriki isihifadhiwe. Inashangaza ni madodoso mangapi yanayoandika "jibu bila kujitambulisha" juu kabisa, halafu yanaweka barua pepe ya mtu kwenye safu ya kwanza.

Sasa, pale dodoso linaposhinda. Geuza swali. Badala ya kuwatafuta walionyanyapaliwa, wapime wanaonyanyapaa. Gregory Herek alipochapisha mwaka 2002 utafiti wa hisia za Wamarekani kwa makundi mbalimbali, baiseksho walipokelewa kwa ubaridi kuliko kundi lolote isipokuwa watu wanaojidunga dawa za kulevya. Mohr na Rochlen walishatoa mizani ya mitazamo hiyo mwaka 1999. Inapima mambo mawili: kama mhojiwa anaamini kwamba mvuto wa namna hiyo ni kitu cha kweli na cha kudumu, na kama anaukubali kimaadili. Washiriki wako sasa ni wanafunzi wenzako darasani. Humtafuti mtu aliyejificha, humhatarishi mtu, na namba za kufanyia hesabu utazipata. Ajabu ni kwamba wanafunzi wachache huichagua njia hii, labda kwa sababu haisikiki kuwa na uchungu wa kutosha.

Data zilizokwisha kukusanywa

Kwa swali la afya, nenda hapa moja kwa moja. Hutaweza wewe, kwa miezi minne na simu yako, kupata sampuli inayowakilisha taifa. Wenzako wameshaipata kwa fedha za serikali, na faili zipo wazi. Marekani kuna NHIS, uchunguzi wa afya wa kila mwaka ulioanza kuuliza swali la mvuto mwaka 2013, na GSS, uchunguzi wa jumla wa jamii, ulioanza 2008. Uingereza kuna Natsal, uchunguzi wa taifa wa maisha ya kimapenzi na ngono. Awamu yake ya tatu ilihoji watu 15,162 wa miaka 16 hadi 74 kati ya 2010 na 2012, na data zake hupatikana kwa kujiandikisha kwenye hazina ya data ya nchi hiyo. Sensa ya 2021 nayo ina ukurasa wa kujitengenezea majedwali bila malipo.

Kibali cha kamati ya maadili kwa data za aina hii mara nyingi ni fomu fupi, si mkutano wa wiki sita. Hilo peke yake limeokoa tasnifu nyingi.

Lakini angalia mtego. Idadi ya baiseksho ndani ya faili huwa ndogo, na mtafiti mvivu huwachanganya na wapenzi wa jinsia moja ili apate kundi kubwa. Mwaka 2013 NHIS ilihoji watu wazima 34,557, na makadirio yakatoa asilimia 0.7 ya baiseksho. Ukigawa hao kwa wanaume na wanawake, kisha kwa umri, kisha kwa waliooa na wasiooa, unabaki na vikundi vya watu wa kuhesabika kwa vidole. Dawa ni kuunganisha miaka kadhaa ya uchunguzi ule ule. Kuunganisha watu wa aina mbili si dawa, maana kunaficha kile kile ulichokuja kukitafuta.

Mfano ulio karibu nasi ni Mombasa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wanaume 285 wanaofanya ngono na wanaume. Mara nyingi hao huandikwa kama kundi moja tu. Watafiti hawa waliwatenga: 114 walikuwa na wanaume peke yao, 171 walikuwa na wanaume na wanawake pia. Maambukizi ya VVU katika kundi la kwanza yalikuwa asilimia 43, katika la pili asilimia 12.3. Ukiyachanganya makundi hayo, wastani utakaoupata hauwaelezi hawa wala wale. Angalia pia kwamba waligawanywa kwa matendo. Mwanaume aliye katika kundi la pili huenda hajawahi kujiita baiseksho hata siku moja, na si haki kumbandika jina hilo kwenye sura ya matokeo.

Wakati mwingine tofauti huenda upande wa pili. Uchunguzi wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kuhusu ukatili wa wenzi, uliofanyika 2010, ulikuta kwamba asilimia 61.1 ya wanawake baiseksho wa Marekani wamewahi kubakwa, kupigwa au kuandamwa na mwenzi wao. Kwa wanawake wapenzi wa jinsia moja ilikuwa 43.8, na kwa wanaopenda wanaume pekee 35.0. Katika afya ya akili, mapitio makubwa yaliyoongozwa na Lori Ross wa Toronto mwaka 2018 yalikuta viwango vya sonona na wasiwasi kwa baiseksho vikiwa sawa na vya wapenzi wa jinsia moja au kuvizidi, na vya wengine wote vikiwa chini. Nadharia ya Ilan Meyer kuhusu msongo unaowapata watu wa makundi madogo, ya mwaka 2003, ndiyo hutumika zaidi kueleza hali hiyo. Faili la data, hata hivyo, halikwambii kwa nini mwanamke yule alipigwa, wala mumewe alijua nini na lini.

Ukipata faili unalolihitaji, lipakue siku hiyo hiyo na uweke nakala. Mwishoni mwa Januari 2025 kurasa nyingi za CDC ziliondolewa mtandaoni, zikiwamo zenye data za vijana. Mahakama iliagiza zirudishwe Februari, lakini aliyekuwa na tasnifu ya kukabidhi Machi hakulala usingizi.

Mahojiano

Mahusiano ni habari ya mahojiano. Hakuna kisanduku cha kuweka alama kwa mtu aliyemwambia mchumba wake wiki moja kabla ya ndoa, akajibiwa "sawa," na tangu siku hiyo simu yake ikaanza kupekuliwa. Wala kwa yule ambaye marafiki zake wa zamani waliacha kumwalika alipoolewa na mwanaume, wakiona amerudi upande wa wanaovutiwa na jinsia tofauti. Watu kumi hadi kumi na watano wakizungumza vizuri wanatosha kwa shahada ya uzamili. Uchambuzi wa dhamira wa Braun na Clarke, wa 2006, yaani kutafuta mawazo yanayojirudia katika mahojiano, unafundishwa karibu kila chuo, na hutakosa wa kukuelekeza.

Gharama yake ni muda. Saa moja ya sauti hukula saa nne hadi sita za kuandika, na zaidi kama mhojiwa anachanganya lugha au anaongea kwa sauti ya chini. Usipeleke sauti hizo kwenye tovuti za bure za kugeuza sauti kuwa maandishi. Hujui zinahifadhiwa wapi, na mshiriki hakutoa ridhaa kwa kampuni hiyo. Kwa sheria ya data ya Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, habari za mvuto wa kimapenzi zimo katika kundi la data zenye ulinzi wa pekee, na Uingereza imeibakiza kanuni hiyo.

Kwa mtu asiyejitangaza, kazi huanza kabla ya swali la kwanza. Mnapigiana saa ngapi? Nani yuko nyumbani? Mkubaliane maneno. Mhojiwa akikatiza sentensi na kuanza kuulizia bei ya mchele, ujue kuna mtu kaingia chumbani, na wewe ujibu bei ya mchele. Usitume ujumbe wa kukumbusha miadi wenye jina la utafiti, andika tu "Habari, kesho saa nne?" Fomu ya ridhaa isomwe na ikubaliwe kwa sauti, kuliko kumtumia mtu waraka wenye kichwa cha habari utakaobaki kwenye simu ambayo watoto wanaichezea. Na kwa sababu ya namba zile za ukatili, uwe na orodha ya mahali pa kupata msaada karibu na mhojiwa. Wewe ni mwanafunzi, si mshauri nasaha, na atakapoanza kulia hutakuwa na muda wa kutafuta.

Anayewahoji Waswahili wenzake ughaibuni ana shida ya ziada: jamii ni ndogo. Kubadilisha jina hakutoshi. Ukiandika "Zuhura, muuguzi, mzaliwa wa Lamu, mama wa watoto watatu, Leicester," umemtaja, hata kama haitwi Zuhura. Futa mji, geuza kazi iwe "huduma za jamii," acha idadi ya watoto. Na kama unaitwa mtoto wa fulani katika mji huo, kuna watu ambao hawatakwambia kitu, na wana haki. Tafuta mji mwingine.

Ukiwa Afrika Mashariki

Hapa njia huchaguliwa kwa kuuliza kitu kimoja: faili likivuja, nani atafungwa? Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 14 jela kwa ngono ya "kinyume na maumbile", na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Tanzania, kifungu cha 154 cha kosa hilo hilo kinaanzia miaka 30 hadi maisha. Uganda ilipitisha sheria yake dhidi ya ushoga mwaka 2023 yenye kifungo cha maisha, hata hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa, pamoja na hadi miaka 20 kwa kinachoitwa kukuza vitendo hivyo. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa isimame, ingawa ilifuta wajibu wa watu kutoa taarifa. Kwa jumla, sheria hizi huadhibu matendo zaidi ya mvuto, lakini maandishi ya mahojiano yako yanaweza kuwa ni watu wakieleza matendo yao kwa vinywa vyao.

Hatari haiko mahakamani peke yake. Februari 2010 kundi la watu lilivamia kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Mtwapa, likidai kwamba mashoga wanahudumiwa pale. Na hicho kilikuwa kituo cha taasisi ya serikali.

Kwa Tanzania na Uganda, kwa tasnifu ya shahada, ushauri wangu hauna kona: tumia data zilizopo au andika mapitio ya tafiti zilizochapishwa. Kenya mlango uko wazi kidogo. Unahitaji kibali cha kamati ya maadili inayotambuliwa na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataja mvuto wa kimapenzi miongoni mwa data nyeti. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Februari 2023, mashirika ya kutetea haki za watu hawa yana haki ya kusajiliwa, na ukienda, nenda kupitia shirika lenye wanasheria, kwa mahojiano machache yasiyorekodiwa sauti, maelezo yakiandikwa kwa mkono bila majina. Dodoso la wazi kwenye makundi ya WhatsApp usilitume kabisa. Hujui nani atapiga picha skrini, wala nani atamuuliza nani kwa nini lipo kwenye simu yake.

Basi uchague lipi?

Swali la afya: data zilizopo, bila kusita. Swali la mitazamo ya jamii: dodoso kwa wasio baiseksho. Swali la mahusiano: mahojiano, mradi una miezi sita na msimamizi aliyewahi kufanya kazi hiyo. Swali la unyanyapaa kama wanavyouonja wenyewe ndilo gumu. Mizani ya safu mbili ni nzuri, lakini bila fedha za kulipia washiriki ningekwenda kwenye mahojiano na kutumia vile vipengele 17 kama vichokoo vya mazungumzo. Iko pia njia ya washiriki kuleta wenzao kwa kuponi, ambayo timu ya Ross iliitumia Ontario kupata baiseksho 405. Inafanya kazi, ila hiyo ni ya mradi wenye wafanyakazi, na mwanafunzi peke yake haimudu.

Wanaopenda kuchanganya njia mbili ili waonekane wamejipanga, nawaomba waahirishe hadi uzamivu. Mwenye miezi mitatu iliyobaki afungue kitabu cha maelezo cha NHIS au Natsal leo, aende kwenye swali la mvuto, ahesabu baiseksho ni wangapi katika miaka anayoweza kuiunganisha. Wakifika mia kadhaa, amwandikie msimamizi wake jioni hii. Wasipofika, bado ana muda wa kuomba kibali cha kuwapima wanafunzi wenzake kwa mizani ya Mohr na Rochlen.